Kwenda Brussels Kuwasikia Wakwe

Tarehe 17 Novemba 2011 alifariki mume wangu Gaudensi, baba yake Stela. Alijilaza mchana baada ya kula na hakuamka tena. Tulimzika hapa hapa Songea kwenye mvua, na kuna jambo moja halikufanyika.

Sisi ni Wangoni, na watani wetu ni Wahehe. Akifa Mngoni, Mhehe anakuja msibani, anavaa koti la marehemu, anatembea kama yeye, anamsema mbele ya jeneza lake, na sisi tuliofiwa tunacheka huku machozi yanatoka. Mtani wa Gaudensi alikuwa mzee mmoja wa Mafinga, rafiki yake tangu ujana. Siku ile alikuwa amelazwa, amepasuliwa tumbo. Hakuja, na hakuna Mhehe mwingine aliyejitokeza. Tulimzika kimya kama watu wanaozika mgeni. Tangu hapo nilikuwa sijacheka. Siandiki hili ili nionewe huruma. Ninyi wenzangu wa kikundi cha cherehani mnajua, maana tulikuwa tunakaa chumba kimoja.

Mmeniuliza yaliyotokea Brussels, na nikisimulia kwa mdomo napotea njia, ndiyo maana naandika.

Stela anatunza wazee huko, kazi ya kuwaogesha na kuwalisha. Alikuwa amechumbiwa na Kolin, fundi wa lifti. Baba yake Kolin ni Mskochi wa Glasgow, na mama yake, ambaye ni marehemu, alikuwa Mwingereza wa Liverpool. Gaudensi ndiye aliyekuwa aende kuwapa jibu. Alisema hamtoi mtoto kabla hajawasikia hao watu wanavyosemezana wao kwa wao, kwa sababu mbele ya mgeni kila mtu ni mpole. Alipofariki, shemeji zangu walikaa kikao wakasema niende mimi. Stela aliniambia kwenye simu kwamba nikikataa, haolewi. Nilijua anasema kweli, na nilitamani asingesema.

Songea hadi Dar es Salaam

Basi liliharibika Mafinga. Fundi alikuwa chini ya gari, sisi abiria tukashuka kununua viazi vya kuchemsha. Mama mmoja muuzaji, Mhehe, alisikia lafudhi yangu akajua nimetoka wapi. Akaniuliza kama nakimbia vita tena, maana Wangoni tukiona moshi wa jikoni tu tunafunga mizigo. Watu wakacheka. Zamani ningemjibu kwamba nimekuja kumtafuta mbwa wangu, nimesikia harufu yake kwenye sufuria lake, maana Wahehe tunawaita wala mbwa. Siku hiyo jibu lilikuja kichwani likaishia hapo. Nilimpa hela, nikachukua viazi. Yule mama aliniangalia kitenge changu cheusi, akaongeza kiazi kimoja.

Nilikula viazi vile mpaka Morogoro, vimepoa, na vilikuwa vitamu.

Addis Ababa

Pale uwanjani tulikaa sana. Walitangaza kwamba ndege yetu imechelewa, na walitangaza kwa Kiingereza nisichokielewa. Niseme ukweli kuhusu Kiingereza changu. Niliishia darasa la saba, na kingine nilifundishwa na mtawa wa Kijerumani aliyetufundisha kushona. Nilidhani Kiingereza ni kimoja, ila mimi nimekijua kidogo.

Jirani yangu kwenye viti alikuwa mama wa Kinigeria mwenye kilemba kikubwa. Yeye aliongea Kiingereza kwa nguvu kama mtu anayetwanga, na nilimwelewa nusu. Upande wa pili alikuwepo mzee wa Kiaustralia aliyeongea puani, midomo haifunguki, huyo sikumwelewa hata kidogo. Yule mzee alinisikiliza kwa makini, halafu akamwambia mama wa Kinigeria, naye akanirudishia polepole, kwamba naongea kama Mjerumani. Nikawaambia mwalimu wangu alikuwa Mjerumani kweli. Mzee alifurahi kama aliyeshinda bahati nasibu.

Mama yule alitoa mkate wa ndizi, mzee akatoa jibini, mimi nikatoa karanga. Tangazo likaja jingine. Tukaangaliana. Hakuna hata mmoja wetu aliyelielewa, na wao wawili wamezaliwa na hicho Kiingereza. Niliona raha kidogo moyoni. Nikawaza, kumbe si mimi tu.

Molenbeek

Stela anakaa Molenbeek, karibu na mfereji, ghorofa ya tatu, kwenye nyumba isiyo na lifti. Nilimwambia Kolin, tulipoonana mlangoni, kwamba fundi wa lifti anaanzaje kumchumbia mtu wa nyumba ya ngazi. Nilisema kwa Kiswahili, bila kucheka, na Stela hakumtafsiria. Kolin alibeba sanduku langu mpaka juu bila kupumzika. Ni kijana mrefu, ana masikio makubwa, na anavua viatu akiingia ndani bila kuambiwa. Hilo nililiandika moyoni.

Asubuhi Stela alikwenda kazini nami nikashuka kununua mboga. Duka la chini ni la Mmoroko. Niliweka giligilani mezani, yeye akaniwekea na limau juu, akakataa limau lihesabiwe, akasema neno nililolielewa, maana linafanana na "mama". Nilipanda ngazi nikawaza kwamba hapa mtu anaweza kuishi.

Usiku huo Stela alinieleza kwamba baba mkwe na mjomba wake Kolin wamekwisha kufika kwa treni, wamepanga chumba karibu na Chaussée d'Ixelles, ile barabara ya maduka. Kesho yake tutakula nao. Akaniomba nivumilie, kwa sababu wanaongea kwa namna yao. Sikumuuliza ni namna gani. Ningeuliza, safari yangu ingekuwa fupi zaidi.

Mezani kwa Maman Furaha

Maman Furaha ni Mkongo wa Bukavu. Ana mgahawa mdogo Matonge, mtaa wa Wakongo, nyuma kidogo ya kituo cha Porte de Namur, na alimlea Stela kama mwanawe tangu alipofika hana mtu. Ndiye aliyepika: sombe, yaani kisamvu chao, fufu ambayo ni kama ugali wa muhogo, samaki wa kukaanga, ndizi. Mimi na yeye tulisalimiana mara mbili kabla hatujaelewana. Nilimwomba msamaha kwamba Kiswahili chake kinanipita.

"Mama Stela, usiogope," akasema. "Kiswahili yetu iko ya kusikilizana tu, haiko ya kupasi mutihani."

Baba yake Kolin anaitwa Aleki. Ni mfupi, mweupe kama unga, mgongo wake umekakamaa. Mjomba anaitwa Denis, kaka wa yule mama marehemu, mtu wa Liverpool, mnene, mchangamfu. Aleki akiongea, maneno yake yanakwaruza kama kiti kinachovutwa sakafuni. Denis maneno yake yanapanda na kushuka, na katikati ni kama anataka kukohoa. Kolin alikuwa anachukua Kiingereza cha baba yake anakigeuza kuwa Kiingereza cha ofisini, Stela anakichukua hicho anakifanya Kiswahili, halafu namsikia Maman Furaha pembeni anakigeuza tena ili kimfae yeye.

"Bon," akasema Maman Furaha, "leo tuko na Kiingereza mbili na Kiswahili mbili ku meza moja. Alors, nani atakula?"

Tulianza vizuri. Aleki alinipa pole kwa mume wangu, na hiyo nilielewa bila mtu, kwa jinsi alivyoshika mkono wangu. Kisha akaanza kusema maneno marefu, nadhani ndiyo hotuba ya kuomba mchumba, maana alikuwa amesimama na ameshika koti kifuani. Hapo Denis akamwingilia. Alisukuma kidevu mbele, akakunja uso, akaiga sauti ya Aleki, ile ya kukwaruza, neno kwa neno, mbele yetu.  Aleki akamgeukia, naye akaiga ya Denis, akipandisha sauti puani kama mbuzi mdogo, akapiga meza kwa kiganja mpaka ndizi zikaruka. Denis akajibu. Nikasikia neno moja ninalolijua vizuri, lile la mtu mjinga. Yule mtawa alilitumia sana.

Nilikaa nikawaangalia. Nikamkumbuka Gaudensi: wasikie wanavyosemezana wao kwa wao. Basi nimewasikia. Watu wazima wawili, siku ya kuomba binti, wanavunjiana heshima mbele ya mama mfiwa. Kwetu, mkubwa wa upande wa binti akiisukuma sahani yake katikati na kuifunika, amekataa. Hakuna haja ya kusema neno. Nikaisukuma sahani yangu katikati, nikaifunika na kitambaa cha karatasi.

Stela aliona. Uso wake ulibadilika, akainuka akaenda jikoni.

Wengine hawakuona kitu. Aleki aliacha kugombana, akaiangalia ile sahani, akaniuliza jambo. Kolin akanigeuzia taratibu kwamba baba anauliza, kama nimeshiba, amalizie samaki wangu? Kabla sijajibu, Aleki alikwisha kuinua kile kitambaa na kuchukua samaki. Akamla wote, mpaka macho. Nilimkatalia mtoto wangu, na mkwe akala kukataa kwangu akalamba vidole. Sikujua mambo kama haya kwetu yanaitwaje. Sijawahi kuyaona.

Chaussée d'Ixelles

Siku zilizofuata Stela alikuwa ananipikia, ananifulia, anasema ndiyo mama, hapana mama. Hakunilaumu. Nililala kitandani kwake naye alilala chini, na nilisikia kwamba halali. Nilimwambia mara moja kwamba kijana mwenyewe sina neno naye, ila ukoo. Akasema, "Nimesikia, mama." Ndiyo mazungumzo yetu yote ya siku nzima.

Maman Furaha alikuja kunichukua ili nimsindikize kununua vitambaa vya meza. Nadhani Stela alimtuma, ingawa wote wawili wanakana mpaka leo. Tulipanda Chaussée d'Ixelles taratibu, yeye anaongea, mimi naitikia. Alinieleza kwamba Watanzania wanaokuja kula kwake wanamcheka anavyosema, wanamwigiza mpaka vijana wake wa jikoni wanaanguka. Nilimuuliza kama hakasirishwi.

"Nikasirike ju ya nini?" akasema. "Ule anayenicheka, donc ananisikiliza. Minaogopa ule anayenyamaza."

Nilijua ni mimi anayenisema, nikanyamaza.

Tulipokaribia duka la viatu, nikawaona. Aleki alikuwa amesimama ameegemea ukuta, mguu mmoja umetangulia mbele. Denis, pamoja na unene wake, alikuwa amepiga magoti kwenye lami yenye maji, anamfunga kamba za kiatu. Mgongo wa Aleki haukunjiki. Watu walikuwa wanawapita huku na huku. Na huku anamfunga, Denis alikuwa anaiga ile sauti ya kukwaruza, nilimsikia toka mbali, na Aleki anamjibu kwa ile ya mbuzi. Denis alimaliza mguu wa kwanza, akaugonga kwa kiganja kama fundi anayemaliza kazi, Aleki akatoa mguu wa pili. Walikuwa wanacheka mpaka Denis akashindwa kuinuka, na Aleki hawezi kumwinua, basi wakabaki hivyo hivyo, mmoja chini, mwingine ukutani.

Nilisimama. Maman Furaha alidhani nimechoka.

Hakuna aliyenieleza. Mtu wa Liverpool na mtu wa Glasgow, mmoja kaoa dada wa mwenzake, dada amekufa, nao bado wanafungana viatu na kuchekana ndimi. Hawa hawakugombana pale mezani. Hawa ni watani. Na yule aliyekula samaki wangu bila kusubiri jibu, ni mtu gani mwingine duniani anayekula cha mwenzake namna ile, kama si mtani?

Niliona aibu, nikiri. Mngoni mzima, nimekaa na utani maisha yangu yote, nimeusikia kwa lugha nyingine nikauita matusi.

Mezani mara ya pili

Nilimwambia Maman Furaha apike tena, samaki wale wale, na awaite wote. Stela sikumweleza kitu. Nilitaka kufanya jambo lenyewe kabla sijalitia maneno, kwa sababu nilikataa kwa mkono na ilibidi nikubali kwa mkono.

Tulikaa kama mara ya kwanza. Stela alikaa ameinamisha kichwa. Denis alikuwa bado hajaanza uchokozi wake, nadhani Kolin aliwaonya. Kulikuwa na adabu nyingi mezani na chakula hakina ladha. Nikangoja mpaka Aleki alipomgeuza samaki wake upande ulionona. Nikanyoosha mkono juu ya meza, nikachukua samaki mzima kutoka kwenye sahani yake, nikamweka kwenye yangu, nikaanza kula.

Wote waliacha kula. Hapo ndipo nilipogundua kwamba wao hawana desturi hiyo. Kwao mimi nilikuwa mama mjane niliyemnyang'anya mtu mzima chakula chake. Aleki aliangalia sahani yake tupu. Aliangalia mkono wangu. Halafu akamgeukia Denis akasema maneno mengi ya kukwaruza, na Kolin akashindwa kuyageuza kwa sababu alikuwa ameweka kichwa mezani, mabega yanatikisika.

Stela peke yake alilia. Yeye alielewa: mama amekula.

Ilibidi sasa tueleze. Nilieleza kwa Kiswahili, Stela akapitisha, Kolin akapitisha tena. Niliwaambia Wangoni na Wahehe walipigana zamani, wakazikana, na sasa wanaitana wala mbwa na wakimbia vita, na mtani akichukua kuku wako huna pa kushtaki. Denis alisema kwao hilo linaeleweka kabisa, ila wao huchukua bia. Akauliza kwenye msiba inakuwaje. Nikaeleza mambo ya koti na jeneza. Halafu Stela, bila mimi kumtuma, akawaambia kwamba kwenye msiba wa baba hakuja mtani hata mmoja.

Maman Furaha aliacha kutoa vyombo.  Aleki akachukua ndizi yangu akala, na tukazungumza mengine.

Harusi ilifungwa kwenye ofisi ya manispaa. Ilikuwa fupi kuliko foleni ya kuingilia. Afisa alisoma kwa Kifaransa, Kolin na Stela wakasema oui, na Denis akapiga kelele nyuma kwamba Kolin ameliongea hilo neno kama mtu wa Glasgow. Nilifurahi siku ile, mnisadiki. Lakini kucheka, hapana. Kulikuwa na mahali kifuani pamefungwa bado.

Hadi Porte de Namur

Siku ya kuondoka tulikula mchana kwa Maman Furaha, kisha wakanisindikiza kwa miguu hadi metro ya Porte de Namur, ambako Stela na Kolin wangenichukua hadi uwanja wa ndege. Maman Furaha alitia sombe iliyogandishwa kwenye mkoba wangu, nikamwambia itayeyuka, akasema iyeyuke huko mbele ya safari. Jua lilikuwa linawaka kidogo. Kolin alitangulia na sanduku.

Tulipofika kwenye kona, Aleki alinisimamisha. Alikuwa amejiandaa, kwa sababu alisema polepole, neno moja moja, kwa Kiingereza ambacho hata mimi na Kiingereza changu cha Kijerumani nilikielewa bila mtafsiri.

"Mumeo," akasema, "alitembeaje?"

Nikajua anachouliza.  Nilimwambia Gaudensi alikuwa fundi bomba, amebeba boksi la vifaa bega la kulia miaka mingi, mpaka akawa anatembea amelalia upande hata bila boksi, hata akienda komunyo. Maneno hayakutosha. Basi nikashusha mkoba, nikawaonyesha pale njiani, hatua chache, bega moja juu, shingo imeinama kama anasikiliza bomba linalovuja.

Aleki alinitazama mpaka mwisho. Akavua kofia yake akampa Denis. Halafu, na ule mgongo wake usiokunjika, akainama upande, akainua bega, akaanza kwenda. Alitembea vile mbele ya maduka yote, anasema kwa sauti yake ya kukwaruza, na Kolin anarudi nyuma mbio kunigeuzia: anasema yeye ni Gaudensi, amekufa ili asiende Ulaya kupanda ndege, mwoga mkubwa, amemtuma mke wake. Denis alimfuata nyuma, ameshika kofia kifuani, analia kilio cha uongo, kikubwa, kama mjane, watu wanageuka.

Stela alinishika mkono. Nilihisi pale kifuani panaachia.

Aleki alifika kwenye ngazi za metro akiwa bado amelala upande. Alikuwa anapita mzee mmoja wa Kikongo, amevaa suti ya kanisani. Alimwona mzee mwenzake amepinda, anasema peke yake, na mtu mnene analia nyuma yake. Akamshika Aleki mkono. "Doucement, papa," akamwambia, yaani taratibu, baba, "doucement." Aleki akajaribu kumweleza, kwa Kiskochi chake, kwamba haumwi. Yule mzee alisikiliza kwa huruma, akaitikia oui, oui, akamshika vizuri zaidi. Aleki aligeuka akaniangalia. Hakujua tena jinsi ya kunyooka. Akakubali, akashushwa ngazi moja moja, bega juu, shingo chini, Gaudensi mtupu.

Hapo nilicheka. Nilicheka mpaka nikakaa kwenye ngazi za kituo na kitenge changu cheusi, watu wananiruka, Stela naye amekaa pembeni yangu hana pumzi. Tulipoweza kushuka, tulikuta yule mzee amemketisha Aleki kwenye benchi, anamfunga vifungo vya koti. Treni yetu ilikuja. Mzee akaingia, akatupungia mkono dirishani. Milango ikafungwa, treni ikaondoka, na sisi sote tumebaki pale pale na sanduku langu, hakuna aliyekumbuka kupanda.